Mimi, Mama Mkwe na Mwavuli katika Vichochoro vya Bruges

Jamani, nimechoka kusimulia vipande vipande. Kila Jumapili ibada ikiisha, kabla sijatia andazi mdomoni, ananishika huyu: "Eti mama mkwe wako aliongea na farasi?" Hajamaliza, anakuja yule: "Eti ulisimamishwa ukutani kama mwizi?" Na ndugu yangu Otieno, Mkenya asiyeweza kupokea habari bila kuitia chumvi, juzi nimesikia anawaambia watu kuwa nilitumbukia kwenye mfereji. Sikutumbukia. Basi naandika mara moja, msome, halafu mniache ninywe chai yangu kwa amani.

Mambo ya viza na makaratasi nayaruka. Wote tumeyapitia na hayana utamu.

Mke wangu Riziki mnamjua. Mnajua pia kwamba mimba mbili zilimtoka kabla ya hii. Safari hii daktari alimwamuru alale, asipande ngazi, asibebe hata sufuria. Analala pale anatazama dari, na kitu anachokitaka ni kimoja tu, mama yake. Mama yake yuko Brussels kwa binti mkubwa, shemeji yangu Furaha, tangu vita ilipomtoa Uvira. Ruhusa ya kuja Kanada anayo. Ila mwenyewe hataki. Alisema kwenye simu, "Siwezi kulala chini ya paa la mkwe wangu," akamrudishia Furaha simu.

Kwa nyinyi msiotoka kwetu, nieleze. Sisi watu wa kule ziwani, mama mkwe na mume wa bintiye hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Hawali mmoja mbele ya mwenzake, hawapishani kwenye njia nyembamba, na hawaongei ana kwa ana. Anatafutwa mtu wa tatu wa kupeleka maneno. Si chuki, ni heshima. Kule kwetu kuna nafasi, kwa hiyo si kazi. Sasa weka heshima hiyo katika fleti ya vyumba viwili na choo kimoja hapa Downsview, Toronto, uone.

"Usirudi bila mama," Riziki aliniambia. Hakusema kwa ukali. Alisema huku ameshika tumbo, na mimi nikaogopa.

Downsview hadi uwanja wa ndege

Otieno alinipeleka kwa gari lake, lile ambalo kipasha joto chake kinafanya kazi mwezi wa saba tu. Njia nzima ananifundisha.

"Wee, hizo ni mambo za ushago, za kijijini. Ukifika unamshika mathe mkono, unamwambia twende. Atakufanya nini?"

"Atanikimbia."

"Kwa hiyo utamleta aje, kwa barua?"

Theluji ilikuwa inaanguka, na ndege ikacheleweshwa ili imwagiwe dawa ya kuyeyusha barafu, tukakaa ndani tunaitazama ikioshwa kama gari la harusi. Ilipopaa, wakaleta chakula. Hapo nikafanya kosa ambalo nililipia kwa siku mbili: nilikataa. Nilijua Furaha amepika sombe, majani ya muhogo, na ndagala, wale samaki wadogo wa kwetu, na mgeni gani anafika kwa shemeji yake ameshiba? Nikaliachia tumbo nafasi. Mzee wa kiti cha jirani akala sahani yangu na yake, akanishukuru mara nyingi.

Brussels, kwa shemeji

Fleti ya Furaha ni chumba kimoja cha kulala, sebule, na jiko lenye nafasi ya mtu mmoja asiyepumua sana. Nilipoingia, mama mkwe alikuwa sebuleni. Akajifunika kitenge kichwani, akageukia dirisha. Mimi nikageukia kabati. Furaha akabaki katikati kama askari wa barabarani.

"Mama anauliza huko baridi ikoje," akasema Furaha.

"Mwambie kali."

"Anauliza Riziki anakula?"

"Mwambie anakula, lakini anamlilia."

Kitenge kikatikisika kidogo.

Sombe ilikuwepo, na harufu yake ilinipiga tangu kwenye ngazi. Lakini nitakula wapi? Sebuleni yupo mama. Chumbani ni kitanda chake. Jikoni Furaha mwenyewe anaingia kwa ubavu. Nikapewa sahani barazani, nje, ghorofa ya nne, upepo wa kukata masikio. Kabla sijamaliza tonge la pili la ugali, mama akasogea dirishani kufunga pazia, tukakaribia kuonana, nikaiweka sahani chini kwa heshima. Njiwa wa Ubelgiji hawana heshima. Ndagala zangu ziliondoka na njiwa.

Furaha akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Kesho tunaenda Bruges sote watatu. Mji wa zamani, mzuri, matembezi mafupi tu. Mama tangu aje hajaona Ulaya zaidi ya duka la mboga. Huko mtaongea, mimi nitakuwa mdomo wenu."

Kwenye treni

Asubuhi stesheni, Furaha akampa mama tiketi zote, akatupandisha, akampandishia mama mwavuli wake mweusi. Halafu akashuka "kununua maji". Milango ikafungwa. Nikamwona pale jukwaani anapunga mkono na kupiga kelele kuwa ameitwa kazini, kwenye nyumba ya wazee. Nani kamwita, na kwa simu gani, mpaka leo hajanieleza.

Ndugu zangu, nilitoka jasho. Mama alikaa upande huu wa behewa, mimi nikaenda kule mwisho. Akaja mkagua tiketi, baba mmoja wa masharubu. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba tiketi yangu anayo yule mama. Akaenda. Mama akamwambia kitu. Akarudi.

"Bibi anasema ufunge kamba za kiatu."

"Mwambie ahsante."

Akaenda tena, akarudi tena, na safari hii akaweka mkono begani kwangu kwa huruma. "Bwana, mwombe msamaha. Maisha ni mafupi." Alidhani tumegombana. Nikamwahidi nitamwomba msamaha, ningefanyaje?

Stesheni hadi uwanja mkubwa

Bruges ni mji wa matofali na mawe, nyumba zimebanana, zimechongoka juu, na mifereji inapita katikati yake na mabata. Mawe ya barabarani yameinukainuka, yaliwekwa na watu waliotaka tuvunjike vifundo. Na mvua, ile ya rasharasha isiyoisha. Mama alitangulia na mwavuli, mimi nyuma, mbali, nalowa.

Tatizo lilianza kwenye kona ya kwanza. Njia mbili, tupite ipi? Mama akasimama. Mimi nikasimama. Mtu wa tatu hayupo. Ukutani pale juu kulikuwa na sanamu ya mtakatifu ndani ya kijumba chake, na nikapata akili. Nikamwambia yule mtakatifu, kwa sauti, "Tafadhali, mwambie mama njia ni ya kulia."

Mama akaruka. Akaangalia mbingu, si mimi. "Damu ya Yesu! Mimi ni Mpentekoste. Siongei na sanamu."

Lakini akapita kulia.

Tukafika uwanja mkubwa, wenye mnara mrefu wa kengele. Mama akauangalia huo mnara kutoka chini mpaka juu, nikaona ameisahau mvua na kila kitu. Pembeni walikuwepo farasi wa kukokota watalii. Mama akamkaribia mmoja, wa kahawia, mpole, akamtazama kwa muda. Farasi hana dini. Mama akamwambia, pole pole, ili na mimi nisikie:

"Farasi, mwambie mkwe wangu nimemwona, na nimeona alivyotoka mbali. Mwambie nampenda mwanangu Riziki kuliko macho yangu. Lakini Kanada, mwambie..."

Hapo mwenye farasi akapiga ulimi, "Tlak!" Mama akamalizia maneno yake huku farasi anaondoka, tlak-tlak-tlak, na familia ya Wajerumani nyuma yake. Ujumbe ukaenda nao.

Mimi nilikuwa nimesikia vizuri sana mwisho wake. Ulikuwa "siendi". Nikamwona Riziki pale kitandani, nikajiona naingia mlangoni peke yangu na begi. Kisha njaa na hofu vikachanganyika vikanipa ujasiri. Nikautazama ule mwavuli mweusi mikononi mwake, nikauambia:

"Wewe mwavuli, samahani, muulize mama alimtuma nini yule farasi. Ameondoka hajanifikishia."

Mwavuli ukaanza kutetemeka. Nilidhani mama analia. Kumbe anacheka! Alicheka akainama, mpaka muuza puto akasogea kuangalia kama bibi ni mzima.

Alipopata pumzi akasema, "Mwavuli, mwambie mkwe wangu kama ujumbe haukufika, basi haukufika. Na mwambie akale. Tangu jana nasikia tumbo lake kuliko kengele za huo mnara."

Nikanunua vibanzi, karatasi mbili zilizokunjwa kama koni, na mayonezi juu. Vya mama nikaviweka kwenye ngazi ya mnara wa mashujaa wao uliopo katikati ya uwanja, nikazunguka upande wa pili. Tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, jiwe zima la mashujaa katikati yetu, tukala. Ndugu zangu, vibanzi vile! Nilirudi kununua vingine, nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa mashujaa, "Mwavuli, mwambie na mimi."

Kichochoro

Baada ya hapo mama alichangamka, akawa anaingia kila kichochoro. Na vichochoro vya Bruges, Bwana asifiwe, vingine punda mmoja tu angevifunga. Tulikuwa ndani ya kimoja, mimi nikiwa nimetangulia, nikagundua mbele kuna ukuta. Hakuna kutokea. Kurudi ni lazima nimpite mama. Kumpita mama haiwezekani.

Nikafanya lililobaki. Nikageuza uso ukutani, nikalibandika tumbo kwenye matofali, nikafumba macho. Wazo langu lilikuwa mama aje hadi mwisho, aone ukuta, apite nyuma yangu, atoke. Basi nimesimama hivyo, pua kwenye tofali, nasikia nyayo nyingi. Nikafumbua jicho moja. Kundi la wazee wa Kiingereza, na wenyewe wamepanga foleni wamegeukia ukuta! Mmoja anapiga picha tofali. Bibi mmoja akaninong'oneza, "Ni la karne ya ngapi?"

Nikamwambia, "La zamani sana." Akaligusa kwa adabu.

Mama alikuwa nyuma ya kundi lote. Akawapisha, akanisubiri nje, na nilipotoka hakucheka tena. Alikuwa ameufunga mwavuli, ameukumbatia. Mvua inamnyeshea kitenge.

"Mwavuli," akasema, "mwambie mkwe wangu nimemwona pale ukutani. Watu wote wale, na hakuona haya. Mwambie sina ubaya naye. Lakini yeye anielewe na mimi. Nyumba yangu imebaki Uvira. Mume wangu amebaki Uvira, udongoni. Sufuria, nguo, shamba, kila kitu. Heshima peke yake niliweza kuibeba, kwa sababu haina uzito. Sasa nikaishi kwa mkwe, nitoke chooni nikutane naye na taulo? Nitakuwa nimebakiwa na nini?"

Tangu Toronto nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba Kanada hakuna mambo hayo, kila mtu anaishi anavyotaka, tena nilikuwa nimepanga maneno vizuri. Yote yakaisha mdomoni. Nikasema tu, "Mwavuli, mwambie mama nimesikia. Mwambie na mimi ndivyo mama yangu alivyonilea."

Tukaendelea. Kila nikifika kona nilikuwa naimba wimbo wa kanisani kwa sauti, ili mama ajue nilipo tusigongane. Akinisikia karibu, anasimama. Akinisikia mbali, anakuja. Sauti yangu mnaijua, ndiyo maana kwaya ilinishauri nihudumu kwa kupanga viti. Lakini njia ile ilifanya kazi, hatukugongana hata mara moja.

Ua wa nyumba nyeupe

Karibu na stesheni, tukivuka daraja dogo, tuliingia kwenye geti tukakuta ua mkubwa wenye nyasi na miti mirefu mitupu, na kuuzunguka, nyumba ndogo nyeupe, kila moja na mlango wake. Kimya kabisa. Mtawa mmoja mzee alikuwa anafagia majani. Mama anajua Kifaransa kidogo cha misheni, akamuuliza ni nyumba za nani.

Mtawa akaegemea ufagio. Alieleza kwamba zamani hapa waliishi wanawake peke yao, wajane na wasioolewa. Hawakutaka kuishi katika nyumba ya mwanamume yeyote, wala hawakutaka kukaa mbali na watu wao mjini. Basi kila mmoja na mlango wake, na geti moja.

"Na watoto wao wakiwahitaji?" mama akauliza.

"Wanavuka daraja," akasema mtawa, akarudi kwenye majani yake.

Mama akasimama pale akihesabu ile milango kwa macho. Mimi nikawa mbali, chini ya mti, natetemeka. Mwisho akafungua mwavuli taratibu, akaushika juu.

"Mwavuli. Yule farasi wa asubuhi nilimtuma swali. Nilimwambia amuulize mkwe wangu kama huko Kanada kuna mlango wa pili."

Ndugu zangu, mnajua mlango uliopo mbele ya mlango wangu ni wa nani. Ni wa Mama Zawadi, mama yetu Mrundi anayeongoza maombi, mjane, watoto wameoa wamehama, chumba kimoja kitupu kina cherehani tu. Hatua chache, korido katikati. Nilikuwa napita pale kila siku ya Mungu na sikuwahi kufikiri, kwa sababu nilishughulika kuiondoa heshima ya mama badala ya kuitafutia pa kulala.

Nikauambia mwavuli, karibu nipige kelele, "Upo! Mwambie upo! Na korido ndiyo daraja!"

Mtawa akaacha kufagia akatutazama, watu wawili wazima wanaongea na mwavuli. Akafanya ishara ya msalaba, akaingia ndani.

Kurudi

Furaha alimpigia Mama Zawadi simu kutoka Brussels, na jibu la Mama Zawadi mlilisikia wenyewe, maana alilitangaza kanisani kabla sijapanda ndege. Tulipewa viti viwili na mgeni katikati, mama mmoja wa Kipolandi anayeishi Mississauga, mwema kupita kiasi. Alipogundua tuko pamoja akasimama ili atupishe tukae karibu.

"Hapana, ahsante!" mama na mimi tukasema pamoja.

Kila baada ya muda alijaribu tena. Alidhani ni aibu ya wageni. Chakula kilipokuja nikajifunika blanketi kichwani nikala humo ndani, sikuacha hata siagi.

Mlango wa pili

Yaliyofuata mmeyaona. Mama alilala kwa Mama Zawadi, asubuhi anavuka korido kumwogesha Riziki, kumpikia uji, kumkanda miguu. Mimi nikitaka kwenda chooni naimba, yeye anabaki jikoni. Wale wa ghorofa ya juu walilalamika, nikapunguza beti. Na mwavuli ulikaa kwenye kiti chake sebuleni, ukituma na kutumwa.

Lakini siku yenyewe, Riziki aliposhikwa na uchungu kabla ya wakati wake, nani atakumbuka mwavuli? Tulikimbia kama tulivyo. Mama akaingia naye chumba cha kuzalia, mimi nikabaki koridoni. Asubuhi yote. Nilijaribu kuomba, maneno yakanipotea. Nikawa nasema jina la Riziki tu.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akatoka, peke yake. Kitenge kimemlegea, uso una jasho. Akatazama kushoto, korido tupu. Akatazama kulia, tupu. Mikono yake ikashika hewa, inatafuta mwavuli ambao haupo. Alikuwa na neno, na hakuwa na wa kumtuma. Nami sikuthubutu kumtazama nilisome usoni. Nilitazama viatu vyake, nikasema moyoni, imetoka na hii. Nikashika ukuta.

Ndipo nyuma yake, ndani, mtoto akalia. Akalia kwa hasira, kwa sauti mbaya kabisa, sauti yangu mimi.

Mama akashusha mikono. "Haya," akasema, na safari hii hakumtuma mtu yeyote. "Amekwambia mwenyewe."

Nililia pale koridoni bila haya, na mama akageukia ukuta ili nilie kwa nafasi.

Ni msichana. Tangu siku ile yeye ndiye mjumbe: "Mjukuu wangu, mwambie baba yako chakula kiko mezani, sisi tunavuka kwa Mama Zawadi." Mwavuli uko nyuma ya mlango. Siku hizi tunautumia kwa mvua tu.